Usilale na jiko la mkaa chumbani: jinsi ya kupata joto bila kuhatarisha familia

Mvua imenyesha tangu jioni. Shitingi inavuja pembeni, mtoto mchanga anakohoa, na mablanketi ni mawili kwa watu watano. Nje, kwenye mbabula, makaa bado ni mekundu baada ya kupika maharagwe. Ukiyaacha hapo, mvua itayazima au mtu atayachukua. Ukiliingiza jiko ndani, chumba kitapata joto. Nani asingeliingiza?

Kama unaishi Kigeme au Kiziba, kwenye vilima vya Rwanda, unaujua uamuzi huo. Walioko Nakivale na Kyaka II nchini Uganda, walioko Nyarugusu nchini Tanzania, na wenyeji wa vijiji vinavyozunguka makazi haya wanaujua pia, hasa usiku wa mvua. Hatuandiki ili kukulaumu. Tunataka ujue kinachotokea chumbani mkiwa mmelala, na tukuonyeshe njia nyingine za kupata joto kwa vitu ulivyo navyo.

Hatari ni ipi hasa?

Mkaa unapowaka hutoa hewa ya sumu inayoitwa kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, na haiwashi macho wala koo. Moshi wa kuni hukufanya ukohoe na utoke nje. Hewa hii haikupi onyo lolote.

Ukiivuta, inaingia kwenye damu na kukaa mahali ambapo oksijeni ingekaa. Hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Unaendelea kupumua kama kawaida, lakini damu haifikishi oksijeni ya kutosha kwenye ubongo na moyo. Aliye macho huanza kuumwa kichwa na kulegea. Aliyelala anaweza kupita kutoka usingizini hadi kupoteza fahamu bila kuamka. Ndiyo maana familia nzima inaweza kukutwa asubuhi ikiwa imefariki, bila kelele na bila moto.

Walio kwenye hatari kubwa zaidi ni mama mjamzito na mtoto aliye tumboni, watoto wadogo, wazee, na wenye ugonjwa wa moyo, mapafu au upungufu wa damu.

Wenyeji walio na nyumba za matofali, dari na madirisha ya vioo wasidhani jambo hili ni la wakimbizi tu. Nyumba iliyojengwa vizuri hufunga hewa zaidi, na sumu hujaa ndani yake upesi.

Mambo tunayoyasikia mara kwa mara

"Makaa yakishakuwa mekundu kabisa hayana sumu." Si kweli. Moshi umeisha, lakini kaboni monoksaidi inaendelea kutoka mpaka kaa la mwisho lipoe. Hata makaa yaliyofunikwa na majivu bado yanatoa.

"Ninaweka beseni la maji karibu na jiko." Maji hayaizuii. Hewa hii karibu haiyeyuki kabisa kwenye maji.

"Ninaacha mlango wazi kidogo." Hakuna anayeweza kukuambia ni uwazi kiasi gani unatosha. Upepo hubadilika, na usiku mtu akisikia baridi huamka na kufunga.

"Tumefanya hivyo miaka mingi na hatujafa." Huenda siku hizo mkaa ulikuwa kidogo, au upepo ulipita kwenye nyufa za ukuta. Ukishaziba nyufa kwa udongo au ukiongeza shitingi mpya, chumba si kile cha zamani.

Dalili zinazofanana na malaria

Dalili za kwanza ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu au kutapika, uchovu na miguu kukosa nguvu. Baadaye mtu huchanganyikiwa, huongea ovyo, huanguka au hupoteza fahamu. Wengi hudhani ni malaria, chakula kibaya au hata uchawi. Jiulize maswali matatu:

- Je, watu wawili au zaidi waliokuwa chumba kimoja wameanza kuumwa wakati mmoja?
- Je, wanapata nafuu wakitoka nje na kuumwa tena wakirudi ndani?
- Je, wana maumivu ya kichwa bila homa, na kulikuwa na jiko ndani?

Jibu likiwa ndiyo hata kwa swali moja, tokeni nje kwanza. Kama mtoto ana homa, bado anahitaji kupimwa malaria, kwa hiyo mpeleke kituo cha afya kwa vyovyote vile.

Ukimkuta mtu amezimia chumbani

1. Usiingie peke yako kama kuna mtu karibu. Piga kelele upate msaada. Waokoaji pia hufa kwa hewa hii.
2. Fungua mlango na madirisha yote, na ikibidi toa shitingi ukutani.
3. Vuta pumzi ukiwa nje, ingia haraka, mburute mtu nje. Usikae ndani kumhudumia. Jiko litolewe baada ya watu wote kutoka.
4. Kama anapumua, mlaze ubavu ili asipaliwe na matapishi.
5. Kama hapumui, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike.
6. Usimpe maziwa, maji wala mafuta. Maziwa hayaondoi sumu iliyoingia kwa pumzi, na aliyezimia anaweza kupaliwa.
7. Mfikishe kituo cha afya haraka. Nchini Rwanda, namba ya kuita gari la wagonjwa ni 912.

Ukifika, sema sentensi hii kabla ya nyingine zote: "Tulikuwa na jiko la mkaa ndani." Ina maana kubwa. Kile kifaa cha kubana kidole kinachopima oksijeni kinaweza kuonyesha namba nzuri ilhali mgonjwa yuko hatarini, kwa sababu hakiwezi kutofautisha oksijeni na kaboni monoksaidi kwenye damu. Tiba ni oksijeni. Kwa hewa ya kawaida, damu huchukua takriban saa 4 hadi 5 kupunguza sumu hiyo kwa nusu. Kwa oksijeni nyingi kupitia barakoa, muda huo hushuka hadi karibu saa 1. Hata aliyezinduka na kusema amepona apelekwe, hasa mama mjamzito.

Basi tupate joto namna gani?

Kwanza, makaa. Tunajua mkaa ni ghali na hutaki kuupoteza. Ukimaliza kupika, yamwagie maji makaa ukiwa nje mpaka yapoe kabisa, kisha yaingize ndani salama na kuyaanika kesho. Njia nyingine ni kuyatia kwenye kopo la chuma au chungu chenye mfuniko unaobana. Yakikosa hewa yatazimika, nawe utayatumia tena. Kopo hilo likae nje mpaka lipoe. Kwa njia zote mbili hupotezi mkaa, na mwizi hana cha kuchukua.

Pili, joto la jioni. Pikeni na kuota moto jikoni, chini ya kibanda kilicho wazi pembeni, kabla ya kulala. Mkiingia kulala, moto ubaki nje.

Tatu, kitanda. Baridi nyingi hutoka chini. Tandika maboksi yaliyofunguliwa, magunia makavu au nyasi kavu chini ya mkeka. Safu mbili za chini zinaweza kukusaidia kuliko blanketi moja zaidi juu.

Nne, maji ya moto. Jaza maji ya moto ambayo hayachemki kwenye chupa ngumu, funga vizuri, izungushie nguo nzito na uiweke kitandani nusu saa kabla ya kulala. Iondoe kabla ya kumlaza mtoto ili asiungue.

Tano, mtoto mchanga. Mvue, mweke kifuani kwa mama au baba, ngozi kwa ngozi, kisha mfunike mgongo na kumvisha kofia. Uso ubaki wazi. Mwili wa mzazi humpa mtoto joto la kutosha bila sumu.

Sita, ukuta. Ziba nyufa za chini zinazoleta upepo kitandani, lakini usizibe matundu ya juu ya kupitishia hewa.

Kama una mtoto mchanga, mgonjwa au mzee na huna blanketi, usingoje siku ya ugawaji. Mwambie kiongozi wa mtaa wako au mhamasishaji wa afya leo, na uombe jina lako liandikwe.

Wanaopika kwa gesi

Baadhi ya familia sasa hupika kwa gesi ya mtungi. Ni safi kuliko mkaa, lakini jiko la kupikia halikutengenezwa kwa kupasha chumba joto. Usiliwashe usiku kwa ajili hiyo. Moto mzuri wa gesi ni wa bluu. Ukiwa wa njano na sufuria zinapata masizi, gesi haiungui vizuri na sumu inaongezeka. Zima, kisha mwite fundi.

- Mtungi usimame wima, mahali penye hewa, mbali na moto, na usikae chumba cha kulala.
- Ukifunga mtungi mpya, paka povu la sabuni kwenye kiungio na kwenye mpira. Mapovu yakikua, inavuja. Usipime kamwe kwa kiberiti.
- Usiulaze mtungi wala kuupasha moto ili gesi iliyobaki itoke.
- Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hivyo hutulia sakafuni. Ukisikia harufu yake, inayofanana na kitu kilichooza, funga koki, fungua milango, toa watu wote, na usiwashe wala kuzima taa au simu ukiwa ndani.

Kwa wanaosubiri kuhamia nchi za baridi

Wengi wenu mnasubiri kuhamishiwa Marekani, Kanada au Ulaya, au mna ndugu huko. Huko mtakuta hita za gesi ndani ya vyumba, na watu hulala zikiwaka. Je, hilo halipingani na tuliyosema? Halipingani, kwa sababu ya kitu kimoja: bomba. Hita salama ya aina hii inachomea gesi ndani ya sanduku, na bomba lake hutoa hewa yote ya sumu nje ya nyumba. Aina nyingine hata hewa ya kuwashia huivuta kutoka nje, kwa hiyo haigusi kabisa hewa mnayovuta. Mbabula haina bomba. Tofauti ni hiyo tu.

Kwa hiyo hita hiyo ni salama kadiri bomba lake lilivyo salama. Kumbuka haya, au mtumie ndugu yako:

- Isifungwe wala kutengenezwa na rafiki anayejua kidogo. Ni kazi ya fundi mwenye leseni, naye aikague kila mwaka kabla ya msimu wa baridi.
- Angalia bomba kwa nje. Kiota cha ndege, majani au theluji vikiliziba, sumu hurudi chumbani.
- Moto wa njano, masizi kwenye ukuta karibu na hita, au madirisha kutoa jasho kuliko kawaida ni dalili mbaya. Zima, tokeni nje, mwite fundi.
- Usianike nguo juu ya hita, na uache nafasi kati yake na pazia au kitanda.
- Hakikisha kuna king'ora cha kaboni monoksaidi karibu na vyumba vya kulala. Kijaribu kila mwezi kwa kubonyeza kitufe chake. Kikilia, tokeni wote nje, kisha pigeni 911 mkiwa Marekani au Kanada, au 112 katika nchi za Umoja wa Ulaya.
- Hita ikiharibika, mwandikie mwenye nyumba siku hiyo hiyo. Usipashe nyumba joto kwa oveni iliyofunguliwa, na usiingize jiko la mkaa la kuchomea nyama. Familia ngeni hufanya hivyo zikikumbuka nyumbani, na ni pale pale hatari inapozifuata.

Leo usiku

Kabla ya kulala, fanya jambo moja: hesabu. Watu wangapi wako ndani, na moto uko wapi? Watu wote ndani, moto wote nje. Kisha mwambie jirani mmoja, hasa mama aliyejifungua juzi na familia iliyofika wiki hii, ambayo bado haijapata mablanketi. Kama una blanketi la ziada la kumwazima usiku mmoja, hilo litamsaidia zaidi ya maneno yetu yote.