Mshitakiwa Akifa na Rufani Yake Haijaamuliwa

Katika msiba mmoja hapa Didia, kijana aliyefiwa na baba yake alitujia na swali. Mzee yule alitozwa faini kwa kosa la jinai, na katika daawa nyingine, ya shamba, alishindwa na jirani yake. Alikata rufani zote mbili, na mauti yakamfika kabla hazijaamuliwa. Watu wa matangani walimtuliza kijana kwa kumwambia, "Marehemu hana kesi." Naye akauliza, "Maalim, ni kweli?"

Ni kweli nusu, na hiyo nusu nyingine ndiyo inayoziponza nyumba nyingi.

Adhabu ya jinai humfuata aliyetenda. Mtoto hafungwi kwa kosa la baba. Qur'ani imekariri mara kadhaa ya kwamba nafsi haibebi mzigo wa nafsi nyingine. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 nayo yasema kwamba aliyekata rufani akifa, rufani yake hukoma. Lakini rufani ya kupinga faini imetolewa katika kanuni hiyo. Sababu yake si ngumu kuiona: faini hutoka katika mali, na mali hubaki nyuma.

Tena, rufani ikikoma, msidhani kuwa marehemu ametakaswa. Jenerali Rasim Delić, aliyekuwa mkuu wa jeshi la Bosnia, alihukumiwa kifungo cha miaka 3 na Mahakama ya Kimataifa iliyokuwapo The Hague, mwaka 2008, kwa ukatili waliotendewa mateka na askari waliokuwa chini yake. Alifariki Aprili 2010, rufani yake ingali mbele ya majaji. Nao wakaamua Juni mwaka huo kuwa shauri limekwisha, na hukumu ya kwanza ndiyo ya mwisho. Julai hiyo hiyo iliyofuata, katika kesi ya mahakama ya Rwanda kule Arusha, Joseph Nzirorera alifariki kabla ya kuhukumiwa. Shauri lake likafungwa pasipo hukumu yo yote. Marekani mahakama nyingi zina njia yao, nazo hufuta hata hukumu ya kwanza.

Ama shamba, hilo halizikwi na mtu. Daawa ya mali huendelea, ila lazima awepo wa kusimama mahali pa marehemu. Ukoo ukae kikao, uandike muhtasari, uende na cheti cha kifo Mahakama ya Mwanzo ateuliwe msimamizi wa mirathi. Kisha yeye aombe kuingizwa katika rufani. Muda wa kufanya hivyo una mpaka, na sisi twajua nyumba zilizoumaliza kwa kugombania baiskeli na ng'ombe wawili. Huku kwetu, na zaidi Kahama na Geita, kuna na hesabu za maduara ya dhahabu: mafuta ya pampu, magogo, ujira wa wachimbaji, yote kwa mdomo. Mwenye kudai akija, warithi humwambia deni limekufa na mwenyewe.

Halikufa. Sura An-Nisaa, aya ya 11 na 12, zimetanguliza deni na wasia kabla ya mafungu ya warithi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoletewa jeneza la mdaiwa hakumsalia mpaka Abu Qatada alipochukua dhamana ya kulipa.

Liko na jambo zito kuliko hayo. Katika Hadithi ya Bi Ummu Salama, Mtume alionya kwamba huenda akamhukumia mtu kwa ufasaha wa maneno yake, na akipewa haki ya nduguye basi amepewa kipande cha moto. Kwa hiyo mrithi ajiulize kwanza kama shamba lilikuwa lao kweli, ndipo aifuate rufani.

Tulimwambia kijana hivyo hivyo. Akanyamaza, kisha akasema, "Mpaka wa minyaa ulisogezwa nikiwa mdogo. Mama anajua ni nani aliyeusogeza." Tukamshauri aende kwa mama yake kabla ya kwenda mahakamani.