Wingi wa Jina na Umoja wa Kitenzi: Mzazi Aweza Kumsaidia Mwanawe katika Kiingereza

Katika nyumba nyingi za kwetu, daftari la Kiingereza ndilo ambalo mzazi hulifungua kisha akalifunga bila ya kusema neno. Daftari la hisabati atalijaribu, la historia atauliza mawili matatu, lakini aonapo alama nyekundu za mwalimu chini ya sentensi za Kiingereza hunyamaza, akidhani kuwa jambo hilo limo nje ya uwezo wake. Mtoto naye hujifunza kunyamaza. Darasani haunyooshi tena mkono, kwa kuchelea kuchekwa na wenzake kwa sababu ametia “is” palipotakiwa “are”.

Hapana haja ya kufikia hapo. Mzazi anayekijua vyema Kiswahili tayari anao ufunguo wa sehemu kubwa ya tatizo hili, hata kama Kiingereza chake ni kidogo.

Kosa lenye akili ndani yake

Sisi husema “kitabu kimeanguka” na “vitabu vimeanguka”. Mtoto wa Kiswahili huyasema haya kwa usahihi kabla hajashika kalamu, wala hakufundishwa na mtu kwa kanuni. Jina likibadilika kutoka umoja kwenda wingi, kitenzi nacho hubadilika. Wanasarufi huliita jambo hili upatanisho.

Kiingereza nacho kina upatanisho, ila ni mchache. Zamani vitenzi vyake vilikuwa na miishio mingi zaidi. Kwa kupita karne nyingi miishio hiyo ilidondoka, na katika wakati uliopo ikabaki herufi moja tu, nayo ni “s”, inayowekwa mwishoni mwa kitenzi pale mtendaji anapokuwa mmoja asiyekuwa msemaji wala msemeshwaji. Kwa hiyo mvulana mmoja akicheza husemwa “the boy plays”, na wakiwa wengi husemwa “the boys play”.

Hapo ndipo ulipo mtego. Herufi “s” kwenye jina huonyesha wingi, lakini herufi hiyo hiyo kwenye kitenzi huonyesha umoja. Mtoto wetu amezoea kwamba alama ya wingi hurudiwa: wavulana wanacheza, vikombe vimevunjika, miti imeanguka. Akifika kwenye Kiingereza huirudia alama hiyo na kuandika “the boys plays”. Amekosea, lakini hakukosea kwa uvivu wala kwa ujinga. Amefuata kanuni ya lugha ya mama yake mahali isipotumika. Mtoto akielezwa hivyo hufahamu upesi kuliko akiambiwa tu kwamba jibu si sahihi.

Kanuni nyepesi ya kuanzia ni hii: kwa majina ya kawaida, “s” hukaa upande mmoja tu. Ikikaa kwenye jina, huondoka kwenye kitenzi. Kisha na akariri jozi chache zisizofuata sura hiyo: “is” na “has” kwa mmoja, “are” na “have” kwa wengi, na kwa wakati uliopita “was” kwa mmoja, “were” kwa wengi. Aambiwe pia kwamba “I” na “you” haziongezewi “s” kwenye kitenzi: “I read”, “you read”.

Mahali lugha mbili zinapoachana

Taabu ya pili hutokana na majina ambayo Kiswahili huyahesabu kwa namna moja na Kiingereza kwa namna nyingine. Sisi husema “maji yamemwagika”, upatanisho ukiwa wa wingi; wao husema “the water has spilled”, kwa umoja. Sisi husema “nywele zake ni ndefu”. Wao, “her hair is long”. Habari zimefika kwetu, lakini kwao “the news has arrived”, ingawa neno lenyewe linaishia kwa “s”. Mawaidha yametusaidia, lakini “the advice has helped us”. Mizigo imefika, lakini “the luggage has arrived”. Ndiyo sababu watoto wetu, na hata watu wazima, huandika “advices” na “luggages”, maneno ambayo Kiingereza sanifu hakiyakubali.

Kinyume chake pia kipo. Kwetu mkasi ni mmoja na suruali ni moja. Kwao ni “the scissors are sharp” na “my trousers are torn”, kwa kuwa vitu hivyo vina pande mbili na lugha huvihesabu kuwa wingi. Tena yapo maneno ya wingi yasiyo na “s” kabisa: “children”, “people”, “police”, “cattle”. Hayo yote hutaka “are”.

Mtoto anayesoma madrasa anakutana na utaratibu wa tatu. Katika Kiarabu fasaha, kitenzi kikimtangulia mtendaji aliye wazi hubaki katika umoja hata kama watendaji ni wengi. Na wingi wa vitu visivyo binadamu aghalabu huchukuliwa kama umoja wa kike. Mtoto huyo anabeba taratibu tatu kichwani, na anastahiki subira yetu. Pia ameshazoea kwamba kila lugha ina desturi yake, na hiyo ni faida kubwa kwake.

Swali moja la kuuliza

Kosa la tatu huwapata hata wasomi. Ni pale majina mawili yanapofuatana kabla ya kitenzi. Mwanafunzi huandika “the price of the books are high”, kwa sababu jina lililo karibu na kitenzi ni la wingi. Hapa mzazi aweza kusaidia bila ya kutamka neno moja la Kiingereza. Na amuulize: “Kilichopanda ni nini, bei au vitabu?” Mtoto atajibu kuwa ni bei, kwani Kiswahili chake hakimruhusu kusema “bei ya vitabu vimepanda”. Bei ni moja, basi ni “is”. Vivyo hivyo kwa “kila”: twasema “kila mtoto ana kitabu”, nao husema “every child has a book”, umoja kwa umoja.

Wakati wa kufanya haya si lazima uwe mrefu. Baada ya chakula cha usiku, mzazi na atamke sentensi tano za Kiswahili, kila moja kwa umoja kisha kwa wingi: mwalimu anafundisha, walimu wanafundisha, mlango uko wazi, milango iko wazi. Mtoto azigeuze kwa Kiingereza kwa sauti, kisha aziandike. Asipokuwa na hakika, sentensi hiyo itiwe alama aende nayo kwa mwalimu wake kesho yake.

Na jambo moja lichungwe sana: asichekwe nyumbani, si na kaka zake wala na wageni. Mtoto anayekosea kwa sauti mbele ya wazazi wake atathubutu kusema darasani, na mwalimu atapata nafasi ya kumsahihisha.