Hodi ikipigwa, fungua mdomo kabla ya mlango

Huenda unasoma ukurasa huu ukiwa umetoka ibada ya kwanza, au unasubiri ya pili ianze. Nakuomba uifikirie kidogo nyumba uliyoiacha. Nani amebaki? Katika nyumba nyingi za mijini asubuhi hii amebaki dada wa kazi na mtoto mchanga, au bibi ambaye miguu haimruhusu tena kufika kanisani, au wanafunzi wawili wanaojiandaa na mtihani. Mtaa mzima unajua kuwa saa hizi wenye nyumba wako ibadani. Wezi nao wanajua.

Sasa hodi inapigwa getini. Aliyesimama nje hajulikani. Aliyebaki nyumbani afanye nini?

Ukiuliza swali hili kanisani utapata majibu ya aina mbili. Wapo watakaokupeleka Waebrania 13:2, panapotukumbusha kwamba kati ya wageni waliopokelewa zamani walikuwamo malaika, na wenyeji wao hawakuwatambua. Kwao, kumweka mgeni nje ya geti ni upungufu wa imani. Wapo wengine ambao, kwa yale waliyoyaona au kuyasikia, wameshakata shauri: geti halifunguliwi, hodi haijibiwi, asiyejulikana aende zake. Wa kwanza wanaacha milango wazi kwa jina la upendo, wa pili wanafunga mioyo kwa jina la usalama. Tuyasome Maandiko polepole, tuone kama ipo njia nyingine.

Malaika walikula nje

Andiko hilo la Waebrania linaturudisha kwa Ibrahimu, katika Mwanzo 18. Alikuwa ameketi mlangoni pa hema wakati wa jua kali. Aliwaona wale watu watatu, akatoka yeye mwenyewe kuwaendea. Akaagiza maji ya kunawa miguu, akawaomba wapumzike chini ya mti. Mikate ilipoiva na ndama alipoandaliwa, walikula palepale chini ya mti, naye mwenyeji amesimama karibu nao. Sara alikuwa ndani ya hema.

Angalia basi, msomaji. Ukarimu huu tunaouhubiri kila mwaka ulifanyika nje. Wageni hawakunyimwa maji, wala kivuli, wala nyama. Hawakupungukiwa heshima hata kidogo. Lakini hapakuwa na haja ya kuwaingiza ndani ili waheshimiwe.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Nyumba za zamani za pwani zina baraza mbele ya mlango. Hapo ndipo mgeni anapoketishwa, anapewa maji na kuulizwa habari. Bara, kigoda kinawekwa chini ya mwembe. Na hodi yenyewe ni swali. Anayeipiga anaomba ruhusa na kusubiri. Karibu ni mali ya mwenye nyumba, anaweza kuitoa na anaweza kuizuia. Kwa adabu ya pwani, mtu akipiga hodi mara tatu asijibiwe, huondoka bila kinyongo. Kwa hiyo usione haya kumwuliza mtu jina lake kabla ya kugusa komeo. Anayekasirika kwa kuulizwa hivyo ndiye aliyevunja adabu.

Mikate ya Wagibeoni

Katika Yoshua 9 kuna wageni wa namna nyingine. Wagibeoni walikaa karibu na kambi ya Israeli, wakaogopa kupigwa. Wakavaa nguo zilizochakaa na viatu vyenye viraka, wakachukua viriba vilivyopasuka na mikate iliyokauka na kuota ukungu, wakadai wametoka nchi ya mbali sana. Waisraeli walishuku, wakauliza. Lakini walipoonyeshwa mikate wakaridhika na walichokiona kwa macho. Hawakumwuliza Mungu, wakala kiapo. Baada ya siku tatu wakagundua kuwa wale "wageni wa mbali" ni majirani, na kiapo kilikuwa kimekwisha kuwafunga.

Matapeli wa leo hawaji na mikate. Mmoja anakuja na fulana yenye nembo na bisibisi mkononi, kasema ametumwa kukagua mita ya umeme. Mwingine anamwambia dada wa kazi, "Baba kanituma nichukue televisheni niipeleke kwa fundi," na jina la baba analitaja sawasawa. Mwingine anafika akihema: mama kapata ajali, yuko hospitali, pesa inatakiwa sasa hivi. Na yupo anayekuja na Biblia kwapani. Ameonyeshwa katika maono kuwa kuna kifo ndani ya nyumba hii, hivyo aingie aombe, na pesa na dhahabu ziletwe azifunge kwenye kitambaa aziombee.

Maneno yanatofautiana, ila mbinu ni zilezile tatu. Kuna kitu cha kuyaridhisha macho yako. Kuna kitu cha kukutia hofu au huruma. Na kuna haraka. Haraka ndiyo kubwa kuliko zote, kwa sababu uongo mwingi wa namna hii hauvuki dakika tano za kupiga simu.

Zitafute hizo dakika tano. Geti likiwa limefungwa, mwulize mgeni anaitwa nani, ametoka wapi, anamtafuta nani na kwa shida gani. Usimpe majibu. Ukisema, "Umetumwa na baba Neema?" atajibu ndiyo. Mwache alitaje jina mwenyewe. Kisha mpigie mwenye nyumba kwa namba uliyonayo wewe, si kwa namba anayokupa yeye. Mtumishi wa shirika la umeme au maji ana kitambulisho na ana ofisi. Anaweza kusubiri nje wakati unauliza ofisini kwao au unamwita mjumbe wa mtaa.

Na huyo anayetaka kuingia kuombea? Kumbuka Luka 7. Akida wa Kirumi alituma ujumbe kwa Yesu kwamba hastahili kumwingiza chini ya dari yake, atamke neno tu. Mtumishi wake alipona, na Yesu hakuingia ndani ya nyumba ile. Mtu wa Mungu wa kweli anaweza kukuombea akiwa amesimama nje ya geti. Mungu hazuiwi na kufuli.

Msikilize Roda

Katika Matendo ya Mitume 12, Herode amemwua Yakobo na kumfunga Petro. Waumini wamekusanyika usiku nyumbani kwa Mariamu, mama yake Yohana Marko, wanaomba. Hodi inapigwa mlangoni. Anayekwenda kusikiliza ni binti aitwaye Roda. Anaitambua sauti ya Petro na, kwa furaha, anarudi ndani mbio kuwaambia wenzake kabla ya kufungua. Wanamwambia ana wazimu. Petro anaendelea kubisha.

Tumezoea kumcheka Roda. Lakini katika usiku ule wa hatari alifanya mambo mawili mema: alisikiliza sauti kabla ya kufungua, na akapeleka habari kwa wakubwa. Kosa lilikuwa la hao wakubwa waliolidharau neno lake.

Hapa, msomaji, tujitazame. Usalama wa nyumba zetu tumeuweka mikononi mwa binti ambaye pengine hatujampa hata namba ya simu ya jirani. Akimzuia ndugu yetu getini, jioni tunamgombeza: "Ulimwacha mjomba juani!" Yeye anajifunza haraka. Siku nyingine, kwa kuogopa kugombezwa, atamfungulia yeyote anayesema ni mjomba. Hapo mlango umefunguliwa na ukali wetu sisi.

Basi mpe ruhusa ya kukataa, na umpe mbele ya familia nzima. Mwambie asimfungulie asiyemjua hata akisema ni ndugu, hata akisema ni mchungaji, na kwamba hatalaumiwa. Ndugu akinung'unika, wewe ndiye utakayemwomba radhi. Andika namba ukutani mahali anapoweza kuzisoma: yako, za majirani wawili, ya mjumbe, pamoja na 112 ya polisi na 116 ya kuomba msaada kwa ajili ya mtoto. Chagueni neno la siri la nyumba, ili anayedai ametumwa na baba alitaje. Na watoto wafundishwe wasitangaze getini kwamba baba na mama hawapo. Waseme tu, "Subiri hapo nje," kisha wapige simu.

Saa za usiku

Yesu alitoa mfano wa mtu aliyemwendea rafiki yake usiku wa manane kuomba mikate, nao uko katika Luka 11. Alikuwa akifundisha juu ya kuomba bila kuchoka, lakini tazama nyumba yenyewe ilivyokuwa. Mlango umefungwa, watoto wamelala, na mwenye nyumba anajibu akiwa ndani. Mazungumzo yanapita mlangoni kabla ya mikate.

Nasi usiku tufanye hivyo. Washa taa ya nje, zima ya ndani, uliza ukiwa umejitenga na mlango. Mpigie jirani kabla ya kufungua. Pengine aliyeko nje ni mama anayekimbia kipigo, mtoto mgongoni, na mahali pengine hana. Huyo asirudishwe gizani. Majirani wawili wakija mkafungua pamoja, yeye atapata hifadhi na wewe hutakuwa umesimama peke yako.

Wakija watu wanaojitambulisha kuwa ni askari, usikimbie wala usishindane nao. Lakini waombe vitambulisho kwa upole, uliza wametoka kituo gani, omba mjumbe au mwenyekiti wa mtaa aitwe ashuhudie, na mtu mwingine wa nyumbani apige simu kituoni. Katika 2 Wafalme 6, mfalme alipotuma mtu kumkata Elisha kichwa, nabii alikuwa ameketi na wazee nyumbani kwake, naye akawaambia wamzuie yule mjumbe mlangoni. Hakuwa peke yake. Askari aliyetumwa kihalali hapungukiwi kitu macho ya majirani yakiwapo.

Hofu nayo inaua

Nimalizie na upande wa pili, maana nisipousema nitakuwa nimekufundisha nusu tu. Mwezi Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi wilayani Chamwino, mkoani Dodoma, watafiti wawili wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, waliuawa na wanakijiji. Walikuwa wamekwenda kuchukua sampuli za udongo. Waliowaua waliwadhania kuwa ni wanyonya damu.

Watu watatu walitoka nyumbani kwao kwenda kazini, na hawakurudi. Wale wanakijiji pia, kwa namna yao, walidhani wanalinda nyumba na watoto wao. Kilichokosekana ni zile dakika tano: kuulizwa jina, kutazamwa barua, kupigiwa simu ofisini. Uvumi ulipiga mbio kuliko swali.

Kwa hiyo kuuliza kabla ya kufungua hakumlindi mwenye nyumba peke yake. Kunamlinda na mgeni. Usipige yowe la "mwizi" kwa sababu tu umeona sura ngeni mtaani. Unajua yowe hilo linavyoitikiwa, na unajua hakuna anayesikilizwa likishaanza. Ukiona hatari ya kweli, ita majirani kwa majina, ita polisi, na umsihi kila mtu asimguse mtu aliyekamatwa. Torati iliyomwagiza Mwisraeli asimwonee mgeni ilimpa na sababu: yeye mwenyewe aliwahi kuwa mgeni Misri. Nasi kesho tutakuwa wageni katika mtaa wa mtu, tukimtafuta fundi au msiba tusioujua nyumba yake, na tutapiga hodi.

Katika Ufunuo 3:20 Kristo mwenyewe anasimama nje ya mlango. Anabisha, sauti yake inasikika, na anasubiri afunguliwe. Yeye aliye Bwana wa wote hasukumi mlango wa mtu. Basi usidhani unamkosea Mungu unapomwambia mgeni, kwa sauti ya upole, "Karibu, nani mwenzangu? Subiri kidogo hapo nje." Na akisubiri juani, mpelekee dada maji ampitishie kwenye nondo za geti.

Jioni hii, kabla ya sala ya familia, waite wote wa nyumbani, na dada wa kazi aketi pamoja nanyi. Chagueni neno la siri. Andikeni namba. Mwulize dada ni mgeni gani aliwahi kumtia hofu akashindwa kukuambia, kisha umsikilize mpaka mwisho. Ndipo mwombe.

Mungu azilinde nyumba zetu, awalinde na wote watakaopiga hodi katika nyumba hizo. Jumapili njema.