Yosl Si Joseph: Majina ya Watu katika Muziki wa Tamthilia ya Kiyidishi

Nyimbo za jukwaa la Kiyidishi zimejaa majina ya watu. Yidele, Yankele, Yosl, Shulamis: msikilizaji mgeni hukutana nayo kila mara, na kwa kuwa lugha haijui huyapita haraka, akiamini kwamba hata yakibadilishwa wimbo utabaki uleule. Nashikilia kinyume chake. Katika muziki huu jina limo ndani ya utunzi wenyewe. Lina maana ambayo mtunzi ameitegemea, linapanga mapigo ya sauti, na pengine ndilo linalosema jambo ambalo maneno mengine ya wimbo hayalitaji. Anayeliondoa jina huondoa na sehemu ya wimbo.

Kiyidishi ni lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki. Mwili wake ni wa Kijerumani, lakini imechota maneno mengi kutoka Kiebrania na lugha za Kislavi, na huandikwa kwa herufi za Kiebrania. Tamthilia yake ya kulipia kiingilio ilianza mwaka 1876 katika mji wa Iași, Romania, pale Abraham Goldfaden alipowakusanya waimbaji wa vilabuni akawatungia michezo yenye nyimbo. Watu waliokaa kumtazama walikuwa na desturi nzito kuhusu majina. Mtoto alipewa jina la jamaa aliyekwisha kufa, si la aliye hai, kwa hiyo kila aitwapo mtoto, marehemu naye hukumbukwa. Mwanamume alikuwa na jina la Kiebrania la sinagogi, na mara nyingi jina la Kiyidishi la nyumbani na sokoni, yakienda pamoja: Yehuda Leyb, Naftali Hirsh. Leyb ni simba na Hirsh ni kulungu, kwa sababu katika Kitabu cha Mwanzo Yakobo, akiwabariki wanawe, alimfananisha Yuda na simba na Naftali na kulungu. Mtoto aliyezaliwa baada ya ndugu zake kufa, au aliyeugua sana, aliweza kuitwa Alter, yaani mzee, ili malaika wa mauti akija kumtafuta mtoto asimwone.

Hawa, basi, ni watu waliozoea kusikia maana ndani ya jina. Zaidi ya hayo, walizoea kulisikia likiimbwa. Katika sala ya kumwombea marehemu, kiongozi wa ibada huimba kwa sauti ya kuvuta, kisha hufika mahali ambapo lazima aingize jina la aliyefariki pamoja na la mzazi wake. Jina linaweza kuwa na silabi mbili au saba. Sauti hulisubiri, hujinyoosha au kujikunja hadi lienee. Waimbaji wakubwa wa jukwaa la Kiyidishi walitoka humo. Sigmund Mogulesko, Boris Thomashefsky na mtunzi Joseph Rumshinsky wote waliimba utotoni katika kwaya za masinagogi. Ufundi wa kulitengea jina nafasi ndani ya sauti waliujua kabla hawajapanda jukwaani.

Tuuangalie kwa karibu wimbo mmoja, ule wa kubembeleza mtoto unaojulikana kama Zabibu na Lozi, kutoka mchezo wa Goldfaden uitwao Shulamis wa mwanzoni mwa miaka ya 1880. Mjane ameketi peke yake katika pembe ya Hekalu la Yerusalemu, akimbembeleza mwanawe wa pekee. Chini ya kitanda cha mtoto yuko mbuzi mweupe aliyekuwa akienda kufanya biashara, na mtoto naye anaambiwa atakuja kuwa mchuuzi wa zabibu na lozi. Hadi hapo ni wimbo mtamu wa kulaza mtoto. Ila mjane huyo anaitwa Binti Sayuni, jina ambalo manabii wa Biblia waliupa mji wa Yerusalemu wenyewe, na mtoto anaitwa Yidele. Yidele ni namna ya kumdekeza mtu aitwaye Yehuda, na papo hapo ni Myahudi mdogo. Wimbo hautaji popote kwamba taifa limefiwa, limetawanyika na litaishi kwa uchuuzi katika nchi za watu. Majina mawili ndiyo yanayosema. Mpe mama jina la kawaida, mwite mtoto Daniel, na historia yote inatoweka ilhali sauti haijabadilika hata noti moja.

Ule mwisho wa -ele nao una kazi yake. Kiswahili tunapodogosha kwa ki- au kiji- mara nyingi tunabeza: kijitu, kijumba. Kiyidishi hudogosha kwa mapenzi, tena kwa ngazi mbili. Yankev, ambaye ndiye Yakobo, huwa Yankl kwa waliomzoea, na huwa Yankele kwa anayempenda kama mtoto. Mkazo hubaki kwenye silabi ya kwanza, silabi mbili nyepesi zikiufuata, hivyo jina lenyewe lina mwendo wa kubembea hata kabla halijapewa sauti. Upendo na mapigo vimefungwa katika silabi zilezile.

Yupo atakayesema kwamba nayapa majina uzito yasiyokuwa nao, kwa kuwa katika maisha ya kila siku hakuna anayemwita jirani yake huku akiwaza asili ya jina lake. Ni kweli, na ni kweli pia kwamba si kila jina katika michezo hii lilichaguliwa kwa hesabu. Lakini mtunzi si jirani. Goldfaden alisoma chuo cha marabi huko Zhitomir, na mwaka 1865 alichapisha kitabu cha mashairi ya Kiebrania kabla hajaandika mchezo wowote wa jukwaani. Wapenzi wawili wa mchezo wake aliwaita Shulamis na Avisholem. Majina yote mawili yanatokana na mzizi mmoja, sh-l-m, ndugu wa mzizi wa Kiarabu uliotupa sisi salama na Selemani. Kwa Kiebrania mzizi huo hubeba amani, na hubeba pia kulipa na kutimiza. Ndio unaotumika katika Zaburi kwa mtu anayeondoa nadhiri yake. Na mchezo wenyewe unahusu nini? Kijana anamwapia msichana kwamba atamwoa, kisima na paka wakiwa mashahidi. Anasahau na kuoa mwingine. Watoto wake wanakufa, mmoja kwa paka na mwingine kisimani. Ndipo anarudi kutimiza. Siamini kwamba mtu mwenye Kiebrania cha namna hiyo aliyakuta majina hayo kwa bahati.

Watazamaji nao walisikia. Shmendrik, mhusika mpumbavu wa mchezo wa 1877 ambaye Mogulesko alimwigiza, jina lake lilitoka jukwaani likawa neno la kawaida la mtu bwege. Katika mchezo wa 1880 kuhusu Kuni-Leml wawili, kijana wa kisasa aitwaye Max anajigeuza Kuni-Leml, mchumba kilema mwenye kigugumizi, ili ampate Carolina. Leml ni mwanakondoo. Majina tayari yameshawapanga watu: wapenzi wana majina ya Ulaya mpya, mnyonge ana jina la kijijini. Kisha Kuni-Leml wa kweli anakutana na wa bandia na kuchanganyikiwa kabisa, hata anauliza: akitembea njiani mtu akaita Kuni-Leml, aitike au asiitike? Watu walicheka sana. Mimi naona hapo pia swali zito la jamii iliyokuwa ikibadili mavazi, lugha na majina kwa kasi, bila kujua ni nani atakayeitika.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi. Goldfaden hakuwa mwanamuziki wa kusomea, na sauti zake alizichota kwenye sinagogi, kwenye opera, kwenye nyimbo za Waromania na Waukraini. Kama sauti ni ya kuazima, jina litaipangaje? Jibu ni kwamba sauti ya kuazima hugeuka kuwa wimbo wako pale unapoitia maneno, na mahali pa mkazo, hasa katika kiitikio, ndipo jina huwekwa. Wengine watasema jina lilifuata vina tu. Katika filamu ya 1936 iliyopigwa Poland, muziki wake ukitungwa na Abraham Ellstein wa jukwaa la New York, Molly Picon ni msichana Itke anayejifanya mvulana mpiga fidla na kujiita Yidl. Naam, Yidl hupatana na fidl. Lakini jina la kujifichia ambalo maana yake ni Myahudi mdogo lilikuwa limebeba mengi katika Poland ya mwaka huo, na kina hakikulipunguzia chochote.

Ushahidi wa mwisho umo katika tafsiri. Miaka ya 1920 Nellie Casman aliupatia umaarufu wimbo wa msichana anayemlilia mpenzi wake Yosl. Mwaka 1938 Andrews Sisters waliuimba kwa Kiingereza, na Yosl akawa Joseph. Silabi ni mbili, mkazo ni uleule, sauti haikuguswa. Hata hivyo Yosl ni jina la anayeitwa dirishani na mtu aliyemzoea, na Joseph ni jina la kwenye cheti. Mtafsiri alihifadhi mapigo akapoteza ukaribu. Tazama sasa Fiddler on the Roof ya 1964, mchezo wa Broadway ulioandikwa kwa Kiingereza kutokana na hadithi za Sholem Aleichem, mwandishi ambaye jina lake la kalamu ndilo salamu aleikum yetu. Tevye, mhusika wake mkuu, anampoteza bintiye Chava, yaani Hawa, aliyeolewa nje ya dini. Baba anapomlilia katika wimbo, watunzi Jerry Bock na Sheldon Harnick hawakumpa jina la Kiingereza wala hawakuliacha Chava tupu. Wimbo mzima ni wa Kiingereza, ila binti anaitwa Chavaleh, kwa udogoshi uleule wa Yidele na Yankele, mdomoni mwa baba ambaye ameshasema kwamba kwao binti huyo amekufa.