Kando ya Bahari ya Kenya: Safari ya Nyumba Moja ya Kimali

Wako wasemao ya kuwa safari ya kutazama bahari ni anasa ya wenye mali, wala mkulima wa pamba hana haja nayo. Hatuandiki ili kushindana nao. Twapenda tu kuwaeleza wasomaji wetu, hasa waalimu wenye watoto wa shule, jinsi njia ya pwani ya Kenya ilivyo, toka mpaka wa Horohoro hata Malindi, maana katika likizo ya Juni tuliipita pamoja na jamaa zetu wote wa nyumbani: mama watoto, watoto watatu, na mama yetu mzazi ambaye amekwisha kupita miaka sabini. Gari lilikuwa la ndugu yetu wa Bariadi, nasi tulinunua mafuta.

Juu ya mama yetu yatupasa kusema neno mapema. Bibi yake alimsimulia habari za watu wa Usukuma na Unyamwezi waliobeba pembe za ndovu kwenda pwani, na wengine wao hawakurudi, wala hakuna aliyejua kama walikufa au waliuzwa. Tena tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza, mdogo wake alikuwa ndani yake. Kwa hiyo tulipomwita safarini alijibu, “Nitakwenda, nione huko walikopotelea watu. Lakini juu ya maji sipandi.” Tukampa ahadi yetu.

Njia ya kutoka kwetu mpaka Tanga, kwa Singida, Babati, Arusha na Korogwe, ni ndefu na yachosha, nasi hatutakaa juu yake. Tulikula michembe na matobolwa tuliyoyachukua nyumbani, na watoto walilala. Toka Tanga hata Horohoro ni lami tupu. Mpakani maofisa wa nchi mbili wako mahali pamoja, hivyo msafiri hana haja ya kusimama mara mbili. Kila mtu na awe na hati yake ya kusafiria na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na mwenye gari awe na karatasi za gari na bima inayokubaliwa upande wa pili. Fedha nazo zabadilishwa, na hapo mkulima hushtuka kidogo, maana shilingi moja ya Kenya yanunuliwa kwa shilingi nyingi za kwetu.

Ukisha kuvuka waingia Lunga Lunga, na toka hapo mpaka Mombasa ni kama kilometa mia. Minazi ni mingi kuliko miti mingine yote. Karibu na Ukunda, upande wa Diani, watoto waliona kamba zimefungwa juu ya barabara toka mti hata mti, wakadhani ni za umeme. Kumbe ni madaraja ya mbega, yamewekwa ili wavuke wasikanyagwe na magari. Hapo ndipo mama yetu alipoiona bahari kwa mara ya kwanza. Alisimama mchangani mbali na maji, akaitazama kitambo kirefu, kisha akauliza kama maji yake yanyweka. Mjukuu wake akaonja akatema, naye bibi akacheka.

Mombasa ni kisiwa, na mtu atokaye kusini hana budi kuvuka. Njia ya zamani ni kivuko cha Likoni. Lakini siku hizi iko barabara ya Dongo Kundu, yenye madaraja marefu, ipitayo nyuma ya kisiwa na kutokea Miritini. Watoto walitamani kivuko, wakanung'unika sana. Nasi tukashika njia ya madaraja, maana ahadi kwa mzazi si ya kuvunjwa kwa ajili ya manung'uniko ya watoto.

Wala hatukupata hasara, kwa kuwa kutoka Miritini si mbali kupanda Rabai. Waalimu wafikapo Mombasa wasiache kwenda Rabai. Hapo, mwaka 1846, Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walijenga kituo chao. Krapf alikuwa amefika Mombasa mwaka 1844, na katika mwezi wa Julai mwaka ule ule mkewe Rosina na mtoto wao mchanga walikufa kwa homa. Kaburi liko upande wa Nyali. Mtu aliyezika hivyo angaliweza kurudi kwao. Yeye alikaa, akajifunza lugha, na sarufi yake ya Kiswahili ilipigwa chapa mwaka 1850. Kamusi yake kubwa ilitoka mwaka 1882, yeye mwenyewe alipokuwa amekwisha kufa. Rebmann naye alitoka hapo Rabai akauona mlima Kilimanjaro na theluji yake mwaka 1848, na wataalamu wa Ulaya walipoletewa habari hiyo wengine walikataa kuisadiki.

Lakini lililotupendeza zaidi ni ile ramani. Rebmann na mwenzake Jakob Erhardt waliwauliza wafanya biashara wa pwani habari za bara, wakachora bahari moja kubwa mno katikati ya nchi, nayo ramani ikatangazwa Ulaya miaka ya 1855 na 1856. Walikuwa wameyaunganisha maziwa matatu, la Nyasa, la Tanganyika na la kwetu, kuwa ziwa moja. Ndipo wazungu wengine walipotumwa kwenda kutazama, na mwaka 1858 Speke akafika Mwanza. Tulimweleza mama yetu ya kuwa watu wa hapa walilisikia ziwa letu kwa vinywa vya wapagazi kabla mzungu hajaliona. Akasema, “Basi wako waliofika.” Hakuongeza neno.

Siku ya pili tuliingia kisiwani. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, yajulikana na wengi, nasi tutaipita upesi: kuta zake ni nene, jua ni kali, na kiingilio cha mgeni hulipwa mlangoni. Kisha tukavuka daraja la Nyali mpaka mahali paitwapo Kengeleni.

Jina hilo latokana na kengele. Mwaka 1874 na 1875 wamisionari walinunua ardhi hapa wakaifanya Freretown, makao ya watumwa waliokombolewa baharini kutoka katika majahazi. Kengele iliwekwa ili ipigwe kuwaonya watu wasije wakakamatwa tena. Ipo hata leo kando ya njia kuu, na magari yapita na kupiga honi pasipo kuijali. Katika waliokaa Freretown alikuwa Jacob Wainwright, mmoja wa wale waliouchukua mwili wa Livingstone. Naye hakufia pwani, bali Urambo, katika nchi ya Wanyamwezi.

Mama yetu aliuliza kama waliookolewa walirudi makwao. Tukamjibu ya kuwa wengi hawakurudi: wengine walikamatwa wadogo, wasijue kwao ni wapi, wengine walikuwa na wake na watoto na mashamba hapa. Wajukuu wao wapo mpaka leo, ni watu wa pwani. Mama alikaa juu ya jiwe kivulini. Muda ukapita. Mke mmoja muuza mahamri akamwamkia, “Shikamoo, bibi,” akampa mawili pasipo kutaka fedha, na wakaanza kuongea habari za mvua na wajukuu. Tulipokwisha kuondoka mama akasema, “Bibi yangu alidhani wote waliliwa na maji. Kumbe wengine walizaa.”

Toka hapo kwenda kaskazini njia ni nzuri. Wapita Mtwapa, kisha mashamba ya mkonge ya Vipingo, safu kwa safu, na mibuyu minene kama ile ya Shinyanga. Kilifi pana daraja juu sana ya maji, lililofunguliwa mwaka 1991. Kabla yake watu walivuka kwa kivuko. Tulisimama tukala wali wa nazi na samaki wa kupaka. Mama watoto aliuliza mapishi yake, akaambiwa, akayaandika. Lakini nazi Kimali hatutaipata wapi?

Gede ni mji wa mawe ndani ya msitu. Nyumba, jumba la mfalme na msikiti mkubwa vyote viliachwa katika karne ya 17, na miti ikaota ndani ya vyumba. Wataalamu walianza kupachimba mwaka 1948. Kwa nini watu waliondoka? Wengine hutaja vita, wengine hudhani maji ya visima yalishuka. Mwanetu wa kwanza, ambaye huchota maji kila siku, alichungulia kisima kimoja akasema sababu hiyo ya pili yatosha.

Na Malindi tuliona nguzo ya Vasco da Gama yenye msalaba, juu ya mwamba. Mreno huyo alifika Malindi mwaka 1498, akapewa rubani wa kumfikisha Bara Hindi. Watoto walipenda zaidi habari ya kwamba mwaka 1415 watu wa Malindi walipeleka twiga kwa mfalme wa China, wakabishana usiku kucha twiga hukaaje ndani ya jahazi.

Wakati wa kurudi tulipofika Mombasa tuligeuza gari kufuata Dongo Kundu. Mama akauliza, “Kile kivuko ki wapi?” Tukamwambia. Tena tukamweleza kwa kweli, asije akasikia kwa wengine, ya kuwa mwaka 1994 kivuko cha Mtongwe kilipinduka hapo karibu, wakafa watu zaidi ya 200. Alinyamaza. Kisha akasema, “Twende huko.”

Likoni watu huvuka kwa maelfu, wenye vikapu na baiskeli na watoto mgongoni, na waendao kwa miguu hawalipi. Mama hakutaka kukaa garini. Alisimama penye ubavu wa chombo, mkono mmoja juu ya chuma, mwingine juu ya bega la mjukuu, midomo yake ikienda pasipo sauti. Dakika hazikufika kumi. Mlango ulipogusa ng'ambo alitazama nyuma, akatuuliza kwa Kisukuma kama kweli ndiyo yote.

“Ziwa letu ni pana kuliko hili,” akasema, akatafuta viatu vyake.