Mto wa Kunyonyeshea: Faida Yake na Hatari Yake

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku. Mama wa Mpanda anayenyonyesha juu ya kigoda, kandokando ya shamba la mahindi au kwenye benchi la zahanati, mara nyingi hana mahali pa kuegemeza kiwiko. Mzigo huo huubeba mkono na mgongo wake.

Ukubwa wa mzigo waweza kukadiriwa kwa kanuni ya wenzo. Kiwiko ni egemeo. Msuli unaokunja mkono umejishika kiasi cha sentimeta 4 kutoka kwenye kiwiko, ilhali uzito wa mtoto hukaa, tuseme, sentimeta 20 kutoka hapo, yaani mbali mara 5. Kwa hiyo msuli hauna budi kuvuta kwa nguvu iliyo mara 5 ya uzito wa mtoto. Mtoto wa kilo 3 akipakatwa kwa mkono mmoja, msuli huvuta kana kwamba unainua kilo 15. Msuli ukichoka, mkono hushuka, chuchu huvutwa, na mama humwinamia mtoto. Ndipo yanapoanza maumivu ya mgongo na michubuko ya chuchu.

Mto ukiwekwa kati ya mkono na mapaja, uzito huo hupokewa na mapaja. Mwaka 1989 huko Marekani, mzazi mmoja, Susan Brown, aliombwa na kituo cha kulelea watoto apeleke mito ya kuwaegemeza watoto wasioweza bado kukaa. Akabuni mto wenye umbo la hilali, ulioitwa Boppy, ambao akina mama waliutumia pia kunyonyeshea. Siri yake ni umbo: mto wa mraba huteleza, bali wa hilali huzunguka kiuno na kutulia.

Fundi cherehani yeyote aweza kushona mto kama huo. Kitambaa kiwe cha pamba kilichofumwa kwa kushikamana, nao ujazwe pamba au sufi. Unyuzi wa sufi una uwazi ndani uliojaa hewa, hivyo mto huwa mwepesi kuchukuliwa safarini. Lakini sufi hushika moto upesi, basi usikaribishwe mafigani. Foronya iwe ya kuvuliwa, ifuliwe na kuanikwa juani. Kanga kuukuu ishonwe kwenye ncha mbili, ifungwe kiunoni. Unene wa mto upimwe hivi: mtoto alifikie ziwa bila mama kuinama, na sikio, bega na nyonga ya mtoto vikae katika mstari mmoja.

Hata hivyo, mto huu ni wa kunyonyeshea tu, mama akiwa macho. Mwaka 2021 kampuni ya Boppy iliondoa sokoni mito ipatayo milioni 3.3 ya aina nyingine, iliyokusudiwa kuwapumzishia watoto wachanga, baada ya kuripotiwa vifo vya watoto 8. Sababu yaeleweka. Shingo ya mtoto mchanga haina nguvu. Kichwa kikiinama, kidevu hugusa kifua na njia ya hewa hubanwa. Uso ukizama katika kitu laini, mtoto huvuta tena hewa aliyokwisha kuitoa.

Basi mtoto akisinzia, aondolewe mtoni na alazwe chali, mahali tambarare pasipo mto wowote.