Mkopo wa Siku 30, Nyanya za Miezi Minne: Soma Hii Kabla Hujajenga Kivungulio Nyumbani

Mama yangu anaishi Kitengela, na nyuma ya nyumba yake kuna kivungulio cha mita 3 kwa 6. Grinihausi, kama wengi tunavyoiita. Msimu wa kwanza alikijenga kwa pesa za chama, zikapungua shilingi 12,000. Akakopa kwa simu. Dakika mbili tu, pesa ikaingia.

Mkopo ulikuwa wa siku 30. Siku hizo zilipoisha, nyanya ndio kwanza zilikuwa zinachanua. Ujumbe wa deni ukaingia, na pesa alizokuwa amemwekea mdogo wangu za karo zikaenda kulipa. Muhula huo tulihangaika.

Kazi yetu hapa ni kukusaidia kutuma na kupokea pesa, kwa hivyo tuseme ukweli: mkopo ulikuwa na kalenda yake, nyanya zilikuwa na yake, na mama hakuzilinganisha kabla ya kubonyeza "kubali".

Hesabu siku kabla ya kuhesabu pesa

Mche wa nyanya hukaa kitaluni wiki 3 hadi 4. Ukishauhamishia kivunguliani, subiri takriban miezi miwili na nusu hadi mitatu ndipo uchume nyanya ya kwanza. Jumla ni kama miezi minne kutoka mbegu. Habari njema ni kwamba aina ndefu zinazofungwa kwa kamba, kama Anna F1, huendelea kuzaa kwa miezi kadhaa zikitunzwa.

Sasa linganisha na mboga nyingine. Dhania iko tayari kwa mwezi mmoja hadi mmoja na nusu. Sukuma wiki unaanza kuchuma wiki 4 hadi 6 baada ya kuhamisha miche. Hizi hazihitaji hata kivungulio. Zipande nje, kando ya ukuta, zikulipie maji huku ukingojea nyanya.

Kwa hivyo pesa ya ujenzi itoke kwenye akiba. Kama lazima ukope, tafuta mkopo ambao malipo yake yanaanza baada ya mavuno.

Udongo kwanza, plastiki baadaye

Udongo wa Kitengela ni mweusi na wa kunata, kwa hivyo mama alinunua lori la udongo mwekundu. Hakuuliza ulitoka shamba gani. Nyanya zilipoanza kuzaa, mche mmoja ukanyauka mchana ukiwa bado kijani. Kesho yake, mitatu. Ulikuwa mnyauko wa bakteria.

Ukiona dalili hiyo, kata kipande cha shina karibu na mizizi, kitumbukize ncha yake kwenye glasi ya maji safi na usubiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka, ndio huo. Hakuna dawa ya kuuponya. Ng'oa mche, uchome, na usiguse mingine kabla ya kuosha mikono na vifaa.

Bakteria hiyo huishi udongoni na hushambulia pia viazi, biringanya na pilipili. Usichukue udongo wa shamba lililopandwa mimea hiyo, na usirudishe nyanya mahali pamoja kila msimu. Badilisha na sukuma wiki, vitunguu au maharagwe. Unaweza kupeleka sampuli ya udongo kwenye maabara za KALRO, Kabete, au umuulize afisa wa kilimo wa kaunti yako.

Hewa, maji na kutikisa

Nyumba ya mita 3 kwa 6 inatosha miche kama 40, ukiacha sentimita 45 kati ya mche na mche na njia ya kupita. Pande ziwe na neti ya wadudu ili hewa ipite. Joto likizidi nyuzi 35 maua hudondoka. Mtungi ulioinuliwa mita moja hivi na mipira ya matone hupeleka maji kwenye mizizi bila kulowesha majani. Na kwa kuwa ndani hakuna upepo, tikisa kamba za nyanya asubuhi zikiwa na maua, ili chavua ishuke na matunda yashike.

Simu yako ndiyo daftari

1. Soma jina kabla ya kuweka PIN. Jina lisipolingana na la duka, simama hapo hapo.

2. Lipa fundi kwa awamu: kidogo akileta vifaa, kidogo nguzo zikisimama, zilizobaki plastiki ikishafungwa. Anayetaka zote mbele, mwache.

3. Hakiki mbegu. Kwangua kibandiko cha KEPHIS kwenye pakiti, kisha tuma nambari iliyofichwa kwa SMS kwenda 1393. Utajibiwa kama mbegu ni halali.

4. Tenga laini au akaunti ya akiba kwa ajili ya kivungulio pekee. Mwisho wa mwezi, toa taarifa ya miamala uone maji, mbolea na mauzo bila kukisia. Hesabu na ada pia. Ile "tuma na ya kutoa" hujumlika.

Msimu wa pili mama hakukopa. Alipanda vitunguu pale nyanya zilipokufa, dhania nje kando ya ukuta, na nyanya chache kwenye ndoo zenye udongo mwingine. Mama mboga wa geti la pili humlipa kwa simu kila Ijumaa. Si pesa nyingi. Lakini ya lori la maji hutoka humo, na karo ya mdogo wangu haijaguswa.

Kabla hujampigia fundi, chukua kalenda. Andika siku ya kupanda, siku ya kuchuma, na siku ambayo kila deni lako litadaiwa. Kama deni linatangulia nyanya, subiri kwanza.